Shati la Mafundo Manne

Shati lilikuwa limekauka kote isipokuwa kola. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza, na mke wa dobi aliiona kwa macho yake mawili, kwa hiyo asije mtu akaniambia hakuonywa.

Jua siku hiyo lilikuwa la kuchoma utosi. Nguo zote za asubuhi zilikuwa zimekakamaa kwenye kamba, suruali zingeweza kusimama zenyewe bila mtu ndani. Lakini shati hili moja, jeupe, la mikono mirefu, la mwanamume mwenye mwili wake, ukilishika kolani lilikulowesha vidole. Akalinusa. Lilikuwa na uvundo, ile harufu ya nguo iliyosahauliwa ndooni ikafunikwa. Akageuza kola kutafuta alama ya mteja, hakuna. Akapekua mishono ya pembeni, hakuna. Akajaribu kukumbuka alilifua saa ngapi, nako hakukumbuka kitu.

"Mama," akaita, "hili shati ulilianika wewe?"

"Vidole hivi vianike shati?" mama mkwe wake akajibu kutoka kivulini. "Mimi siku hizi naanika mdomo tu."

Na kweli. Bibi yule alifua nguo za watu tangu usichana mpaka vidole vikapinda, akamwachia mwanawe kazi, akabaki uani kusimamia watu ambao hawakuomba kusimamiwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa cha kazi: meza ya pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, rafu za nguo zilizokunjwa, na stuli ya dobi yenye mguu mmoja mfupi, iliyokuwa ikiyumba hivi kwamba yeye peke yake ndiye aliyejua kuikalia. Mwingine akijaribu, anatua sakafuni. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili vya kulala, kisha ua wenye jiwe la kufulia na kamba.

Sasa habari ya alama, isikilize vizuri, maana bila hiyo utabaki unanikodolea macho. Dobi haandiki majina kwenye nguo za watu. Kila familia ina uzi wa rangi yake, unashonwa ndani ya kola, na kila mtu wa familia ana mafundo yake. Uzi wa bluu wenye mafundo mawili, huyo ni mke wa fundi redio. Wa njano fundo moja, mwalimu. Uzi mwekundu ulikuwa wa nyumba ya dobi mwenyewe: fundo moja lake yeye, mawili ya mkewe, matatu ya mama yake. Mafundo manne yalikuwa bado hayajapata mtu.

Mtu wake alikuwa njiani. Mke wa dobi alikuwa na mimba pevu, na kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika mbili. Vinguo vya mtoto vilikuwa tayari, vimekunjwa kwenye kikapu kando ya kitanda, na kila alipopita alivishika. Vidole vilimwasha kuvitia alama. Bibi alimkataza katakata: mtoto anatiwa alama akishalia, si kabla. Akatii kwa mikono, lakini moyoni mafundo yale manne alikuwa ameshayafunga mara nyingi mno.

Basi jioni ile alikuwa peke yake mezani, shati lisilo na mwenyewe mbele yake, uzi mwekundu mkononi. Akajiambia kwamba nguo isiyo na alama hupotea, na ikipotea, mwenyewe akija ni kesi. Akaona alitie alama ya nyumbani, ya muda tu. Moja lilikuwa la mumewe, mawili yake, matatu ya mkwewe. Akafunga manne. Aliyafunga polepole, kwa raha, machozi yakimlengalenga, kama anamvika mwanawe nguo kwa mara ya kwanza. Kisha akashona uzi ndani ya kola na kuukata kwa meno.

Mtoto tumboni, aliyekuwa akirusha mateke tangu asubuhi, akatulia.

Dobi mwenyewe alikuwa mtu wa utani, na sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya kuliko zote mtaani. Kabla ya kuanza kazi alilowesha kidole kwa mate, akakigusisha chini ya pasi chap, akisikia inalia anasema, "Imepata moto." Kisha anaanza wimbo wa wafuaji:

Nguo hii ya nani, jamani, ya nani?
Haina mwenyewe, iacheni uani.

Hapo ndipo mwisho wake. Anarudia hiyo hiyo mistari miwili mpaka wateja wanamwombea apaliwe. Iliyobaki mama yake aliijua lakini alikataa kumfundisha.

"Mama, nimalizie wimbo wangu."

"Malizia suruali za watu kwanza."

Asubuhi yake alikuta shati rafuni, akalifunua kola. Akaona uzi mwekundu, akahesabu mafundo, akamtazama mkewe. Mke akainamisha kichwa. Dobi alijua zile mimba mbili zilimfanya nini mwanamke yule, na hakumkaripia.

"Haya," alisema. "Ila mtoto wangu atakuwa na mabega ya mpagazi." Wakacheka wote wawili, na bibi hawakumwambia.

Siku iliyofuata shati halikuwa rafuni. Mke wa dobi alilikuta chumbani, ndani ya kikapu, juu ya vinguo vya mtoto, limepigwa pasi na kukunjwa mikono ikiwa imepishanishwa kifuani. Dobi hukunja mikono nyuma. Kila dobi anakunja nyuma. Akadhani mumewe amefanya mzaha, akalirudisha rafuni. Mchana akalikuta tena kikapuni. Safari hii alipolishika aliona jingine: lile shati la mwanamume mwenye mwili sasa lingemtosha kijana anayebalehe.

"Pamba ya bei rahisi hiyo," dobi alisema. "Inarudi ikifuliwa."

"Nani amelifua?"

Dobi akakuna kichwa. Hakuna aliyelifua.

Likaendelea kurudi. Kila walipolitazama lilikuwa dogo zaidi, na kola haikukauka, na uvundo ukahamia kwenye mito, kwenye mashuka, kwenye nywele za mke wa dobi. Akawa anajua shati liko chumba gani kwa tumbo lake. Akilikaribia, mtoto ananyamaza. Akitoka nje hadi mwisho wa mtaa, mtoto anacheza. Alianza kutembea sana, bibi akamsifu kwamba mazoezi ni mazuri kwa mjamzito, naye akashindwa kumweleza anachokikimbia. Aliona aibu, na alikuwa na hofu kubwa kuliko aibu.

Kisha mchana mmoja, wote watatu wakiwa wamekaa chumba cha mbele wanakula, mlango wa nyuma umefungwa kwa komeo, wakasikia nguo inapigwa kwenye jiwe la kufulia. Pa. Pa. Mlio wa mfuaji aliyezoea, asiye na haraka, anapiga, anageuza, anapiga. Bibi akaacha kutafuna. Akawahesabu waliokuwa mle ndani kwa macho, mwanawe, mkwewe, na yeye mwenyewe, kisha akanyanyuka kwenda uani huku akijishikilia ukuta. Jiwe lilikuwa limelowa, maji yakichuruzika, na kwenye kamba, katikati, lilining'inia shati jeupe dogo, la mtoto wa kama miaka miwili.

"Hili ni la nani?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Akaligeuza kola, akayaona mafundo, na akakaa chini pale pale kwenye maji.

"Nani amefunga?"

"Mimi, mama," mke wa dobi alisema. "Ya muda tu."

Kabla bibi hajasema lolote, dobi alishachoka na mambo yale. Alichukua mkasi mezani, akaja, akashika kola, akaukata uzi. Mke wake akapiga magoti akishika tumbo kwa mikono miwili, na damu ikamshuka mguuni. Dobi akatupa mkasi. Alipotazama kola, uzi ulikuwa mzima na mafundo yake manne, na ulikuwa umekaza zaidi.

Wakamlaza. Damu ikakata, mtoto akajigeuza kidogo, wakapumua. Bibi akakaa ukingoni mwa kitanda, akaimba kwa kunong'ona, na hapo ndipo mwanawe alipomaliziwa wimbo aliouomba miaka yote:

Ukiitia fundo, umemwita nyumbani,
Ukimwita nyumbani, mpishe kitini.

"Ni wimbo wa zamani, wa tulipokuwa tukifulia mtoni," alisema. "Kule mtoni hatukuwa peke yetu. Wapo wengine, hawana mama, hawana ukoo, na kuliko vyote wanataka nyumba. Lakini hawagongi mlango. Wanaacha nguo katikati ya nguo zenu, wanasubiri mtu awahesabu. Ukimtia alama ya nyumbani kwako umeshamhesabu, na nafasi uliyompa ndiyo atakayoikaa."

"Nafasi ya nani?" dobi aliuliza, ingawa alijua.

"Mafundo manne, baba."

Mke wa dobi akageukia ukuta. Alilia bila sauti, na alichokuwa akisema ni kimoja tu, akikirudia: si huyu, jamani, huyu msinichukulie.

"Sasa tunamtoaje?" dobi aliuliza.

"Kwa kufungua. Chuma hakigusi, umeona. Yafunguliwe moja moja kwa vidole au kwa meno, na mtu wa uzi huu huu, kabla mtoto hajalia. Kisha shati lirudishwe mtoni likiwa halina alama, lichukuliwe na maji." Bibi akatazama vidole vyake vilivyopinda. "Mimi siwezi hata kufungua kifungo."

Mke akainuka, akaomba shati, akajaribu. Uzi uliolowa na kukaza ni kama waya. Kucha zikamvunjika. Alikuwa bado kwenye fundo la kwanza uchungu ulipomshika, na nje mvua ikaanza, ile ya mchana inayofanya giza ndani ya nyumba.

Mkunga aliishi mlango wa tatu. Alikuja ameloa, akafukuza mwanamume chumbani, akafunga mlango, akauliza nani ameacha nguo mbichi humu ndani. Dobi alibaki chumba cha mbele kwenye stuli yake, shati mapajani, na lilikuwa sasa halizidi viganja viwili, dogo kama vile vya kikapuni, tayari kwa kuvaliwa.

Alitia kola mdomoni akaanza kuuma, na maji yakamjaa kinywani, maji ya baridi yenye uvundo ambayo kola ndogo kiasi kile haingeweza kuyabeba, akayatema akauma tena, akasikia nyuma ya ukuta mkewe anaugua na mama yake anamwambia vumilia mwanangu, na uani, katikati ya mvua, kukaanza tena kule kupiga nguo kwenye jiwe, pa, pa, ila sasa kwa haraka, kama mfuaji naye ameambiwa muda umekwisha, na kila jiwe lilipolia kola ilimvutika menoni kana kwamba kuna shingo ndani yake inayotaka kugeuka imtazame. Fundo la nne likaachia. Dobi alikuwa anatokwa na damu kwenye fizi na hakujua.

Shati likajinyoosha kidogo mapajani mwake. Yalibaki mafundo matatu, na sasa lingemtosha bibi kifuani, ungelipima.

Akauma la tatu, akasikia kupitia mlangoni mama yake anakohoa kama mtu anayezama, akauma kwa nguvu zaidi, likaachia, na kikohozi kikakoma. Shati likawa la mwanamke. Akaona mikono ya shati imejaa kidogo, imejikunja kwenye viwiko, sawa na mkewe anavyoikunja akifua, na ndani mkunga akapaza sauti kwamba mama huyu anapoteza fahamu, mwiteni jina, mwiteni. Dobi akafunga macho akauma la pili. Meno mawili ya mbele yakang'oka. Fundo likaachia.

"Amerudi," mkunga alisema ndani. "Sukuma, mama."

Lilibaki fundo moja. Dobi alilitazama. Shati lililokuwa mapajani mwake lilikuwa limeshakuwa kubwa kama siku ile ya kwanza, la mwanamume mwenye mwili wake, na alipolipima kwa jicho, maana ni kazi yake kupima nguo kwa jicho, aliona mabega ni yake, na kiwiko cha kulia kimechakaa mahali pale pale anapoegemea meza. Alijaribu. Nitasema hivyo kwa haki yake, alijaribu. Lakini meno ya mbele hayakuwepo tena na vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na ndani mkewe alipiga kelele ile ya mwisho ambayo mwanamke hupiga mtoto akiwa mlangoni.

Akasimama, akagonga mlango wa chumba taratibu.

"Mama Mafundo," alimwambia mkewe kwa utani ule ule wake, ingawa maneno yalimtoka vibaya kwa sababu ya kinywa. "Yamefunguka. Limebaki moja tu."

"Lifungue," mkewe alisema kwa shida. "Baba, lifungue nalo."

"Hilo halina shida. Hilo ni langu."

Bibi alielewa kabla ya mkwewe. Alikimbilia mlango, mtu ambaye hakuwa amekimbia kwa miaka kumi, na alipoufungua chumba cha mbele kilikuwa kitupu. Kupitia mlango wa mtaani alimwona mwanawe anakwenda upande wa mtoni kwenye mvua, amebeba shati begani, na mikono miwili mirefu ya shati ilikuwa imemzunguka shingoni. Akamwita. Nyuma yake mtoto akalia, kilio kikubwa, cha mtoto mzima wa afya, na bibi akabaki katikati ya milango miwili hajui amwendee nani. Akamwendea mtoto.

Alikuwa wa kike. Alinyonya mara ile ile, akarusha miguu, na chumba kikaanza kunuka sabuni na makaa kama zamani. Mkunga alisema katika watoto wa mwaka huo hajaona mwenye mapafu kama haya, akafunga vitu vyake, akaenda. Mke wa dobi alimtazama mwanawe kwa furaha iliyomuumiza kifua, na kila baada ya muda aliuliza, "Baba yake hajarudi?"

"Mvua," bibi alimjibu.

Mvua ikakatika. Jua la jioni likaingia dirishani, na kutoka chumba cha mbele wakasikia makaa yanamiminwa kwenye pasi, kifuniko kikafungwa, kisha mtu akakaa. Stuli haikulia. Mke wa dobi akatabasamu, akafungua kinywa amwite, na hapo yule mtu akaanza kuimba. Aliimba kwa sauti nzuri, iliyotulia kwenye kila neno, sauti ambayo watu wangesimama barabarani kuisikiliza. Aliimba mistari yote minne.

Uvundo ukaingia taratibu chini ya mlango.

Mke wa dobi alimkamata mkwewe mkono. Walitoka pamoja, mtoto kifuani, polepole, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyetaka kufika. Mezani alikuwepo dobi. Mabega yake, nywele zake, kovu la makaa kwenye kidole gumba. Meno yake yote yalikuwepo. Alikuwa amekaa wima kwenye stuli ya mguu mfupi, stuli imetulia tuli, naye amevaa shati jeupe lililokauka kote, ila shingoni maji yalikuwa yanamchuruzika hadi kifuani. Kola ilikuwa imejigeuza kidogo, na uzi mwekundu ulionekana.

Hakulowesha kidole. Aliigeuza pasi, akaweka kiganja chote kwenye chuma chake, akakiacha hapo. Mvuke ukapanda, mvuke wa nguo mbichi.

"Imepata moto," alisema, akawatabasamia. Kisha macho yake yakashuka kwa mtoto, yakakaa hapo. "Ameshatiwa alama?"

Mke wa dobi alimkumbatia mtoto mpaka akalia. Alitaka kukimbia, na alitaka kuupiga uso ule kwa sababu alikuwa anaupenda.

"Mwanangu yuko wapi?" bibi aliuliza kwa sauti ya chini.

Yule mtu alitandaza suruali ya mteja mezani, akaipangusa kwa mkono, akaikunja sawasawa.

"Amenipisha," alisema, na akavuta nguo nyingine.